Dawa ya Kuzuia Damu Kuganda Inapozidi: Mhadhara kwa Watu wa Makoko



Nimeombwa nizungumzie dawa ya kuzuia damu kuganda, hasa nini kifanyike inapozidi mwilini. Huenda mtu akauliza kwa nini jambo hili liletwe hapa Makoko, Musoma, wakati madaktari wa moyo wako Hospitali ya Bugando, Mwanza, na Dar es Salaam. Nimekubali kuja kwa sababu mgonjwa analala Makoko. Bugando anakwenda kwa tarehe ya kliniki, kisha anarudi nyumbani. Siku dawa itakapomzidi atakuwa hapa, kwake, na saa za mwanzo zitakuwa mikononi mwa mkewe, jirani, kijana wa bodaboda na mganga wa zahanati. Hao ndio ninaotaka kuzungumza nao.

Ninachotaka kusema ni hiki. Damu inayovuja kwa sababu ya dawa hii hutibika, tena dawa ya kwanza ya kuitibu ni ya bei ndogo na inafahamika katika kila wodi ya wazazi. Kinachotuua ni kuchelewa kujua kwamba dawa imezidi.

Nianze na wanaoitumia. Ulaya na Marekani mtumiaji wa kawaida wa warfarini, dawa yenyewe ya kuzuia damu kuganda, ni mzee ambaye moyo wake umeanza kupiga bila mpangilio. Kwetu wengi ni vijana. Mtoto anaumwa koo, koo linapoa lenyewe au kwa vidonge vya kubahatisha, na baada ya wiki chache viungo vinavimba na kuuma, leo goti, kesho kiwiko. Hiyo ni homa ya baridi yabisi. Hupita, hurudi, na kila inaporudi inaacha kovu kwenye milango ya moyo, mpaka binti wa miaka ishirini anashindwa kupanda kilima na ndoo ya maji kichwani. Milango ikiharibika sana huondolewa, ikawekwa ya bandia. Zamani wagonjwa wetu wengi walipelekwa India. Tangu Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ilipoanzishwa mwaka 2015, upasuaji wa namna hiyo umekuwa ukifanyika Dar es Salaam, na mimi naona fahari kila ninapolitaja jambo hilo. Lakini aliyewekewa mlango wa chuma, kama tunavyouita, anarudi nyumbani na dawa ya maisha. Damu ikigusa kitu kigeni hutaka kuganda. Donge likishika pale mlango hukwama, au kipande huchomoka kikapanda kwenye ubongo, na huo ni kiharusi. Wengine wanaotumia warfarini ni akina mama waliopata donge mguuni baada ya kujifungua, wagonjwa ambao donge lao lilipanda mapafuni, na wazee wenye mapigo ya moyo yaliyovurugika.

Kipimo chao cha kuganda kwa damu kinaitwa INR. Shirika la Afya Duniani liliupitisha utaratibu huu mwaka 1983 ili namba ya maabara ya Musoma na namba ya maabara ya London ziwe na maana moja. Mtu asiyetumia dawa ana 1 hivi. Mwenye donge la mguuni anatakiwa awe kati ya 2 na 3. Mwenye mlango wa chuma upande wa kushoto wa moyo, ule wa mitrali, hutakiwa kati ya 2.5 na 3.5. Namba ikishuka, donge linanyemelea. Ikipanda, damu inanyemelea, na ikishapita 4.5 hatari hiyo hupanda kwa kasi. Mgonjwa wa warfarini anaishi kwenye ujia huo mwembamba miaka yote ya maisha yake, naye hawezi kujua aliposimama bila kutobolewa.

Dawa yenyewe ilitokana na ng'ombe, na nadhani watu wa Mara mtakielewa kisa chake kuliko wengi. Miaka ya 1920 wafugaji wa Kanada na wa kaskazini mwa Marekani waliona mifugo yao ikifa kwa kuvuja damu. Fahali anahasiwa, ndama anakatwa pembe, na damu haikati. Daktari wa mifugo wa Ontario, Frank Schofield, aligundua kwamba chanzo ni majani makavu ya malisho yaliyoota ukungu. Februari 1933 mfugaji mmoja wa Wisconsin alisafiri kwenye theluji na mtamba aliyekufa, kopo la maziwa lililojaa damu isiyoganda, na mzigo wa majani yale, akafika kwa mwanakemia Karl Paul Link mjini Madison. Link na wenzake walihangaika miaka 6 hadi wakaipata kemikali iliyokuwa ndani ya majani. Kutokana nayo wakatengeneza warfarini, na mwaka 1948 ikaingia sokoni kama sumu ya panya.

Ilifikaje hospitalini? Mwaka 1951 kijana mmoja aliyekuwa ameingia jeshini Marekani aliimeza sumu hiyo mara kadhaa akitaka kujiua. Alipelekwa hospitali, akatibiwa kwa vitamini K, akapona kabisa. Madaktari wakaona kwamba kitu hiki kinaweza kumezwa na binadamu na kikazidi, kisha kikarudishwa nyuma. Mwaka 1954 kikaruhusiwa kuwa dawa, na mwaka uliofuata Rais Eisenhower alitibiwa nacho baada ya kupata shambulio la moyo. Kwa hiyo aliyeifungulia dawa hii mlango wa hospitali ni mtu aliyezidiwa nayo akapona. Hilo ndilo ninalowaomba mlishike, kwa sababu hofu niliyoizoea kwenye familia ni ile ya kudhani kwamba damu ikishakataa kuganda hakuna la kufanya.

Sasa vitamini K ni nini? Iligunduliwa na Henrik Dam wa Denmark alipokuwa akichunguza vifaranga waliokuwa wakivuja damu kwa sababu ya chakula walicholishwa. Mwaka 1943 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Edward Doisy wa Marekani. Ini huitumia vitamini hii kukamilisha protini zinazogandisha damu. Wavu wa mvuvi hutatuka usiku, ukashonwa asubuhi, ukarudi ziwani jioni. Vitamini K nayo hutumika, ikatengenezwa upya ndani ya ini, ikatumika tena. Warfarini humnyang'anya mshonaji sindano. Ukimpa mgonjwa vitamini K ya kutosha, umelipa ini wavu mpya.

Hapa pana jambo la muda ambalo nitakaa nalo kidogo, kwa sababu limewapoteza watu wengi. Warfarini haizigusi protini ambazo tayari zinatembea kwenye damu. Inazuia mpya zisikamilike. Zilizopo huisha kwa mwendo wake: moja hupungua nusu kwa saa 6 hivi, nyingine huchukua karibu siku 3. Dawa yenyewe nayo hukaa. Baada ya saa 40 hivi nusu yake bado imo mwilini. Maana yake ni kwamba mtu aliyemeza vidonge kumi leo asubuhi, jioni atakuwa mzima, anakula, anacheka. Akipimwa INR anaweza kuonekana yuko sawa. Familia inashukuru Mungu na kumrudisha nyumbani. Siku ya pili au ya tatu ndipo fizi zinapoanza kutoa damu. Kwa hiyo aliyezidisha dawa apimwe siku hiyo na apimwe tena kwa siku mbili tatu zinazofuata, hata kama hana dalili yoyote. Akifika hospitali ndani ya saa moja au mbili, anaweza kupewa mkaa wa dawa unaoinasa warfarini tumboni kabla haijaingia kwenye damu. Huo ni mkaa uliotengenezwa kiwandani, msimpe wa jikoni. Wala msimtapishe kwa maji ya chumvi au sabuni.

Lakini anayemeza vidonge kumi kwa mkupuo ni mmoja kati ya wengi. Waliobaki huzidiwa polepole huku wakimeza kipimo kilekile walichoandikiwa.

Fikirieni mvuvi wa dagaa. Giza la mwezi likiingia, usiku wote yuko ziwani. Mbalamwezi ikiwaka, anapumzika. Dawa aliyoambiwa anywe saa mbili usiku inaachwa nyumbani mara tatu kwa wiki, naye anaporudi anameza viwili ili kufidia. Kufidia kwa namna hiyo ni hatari. Dozi iliyosahaulika na siku ikapita haifidiwi; unaandika kwenye daftari kwamba uliikosa, unaendelea na ya leo. Na kwa mtu wa kazi kama hiyo nadhani ni busara daktari ampangie saa ya alasiri kabla hajashuka mwaloni. Muhimu ni saa iwe ileile kila siku.

Kisha kuna rangi. Katika vidonge vinavyofuata utaratibu wa Uingereza, warfarini ya miligramu 5 ni ya waridi, ya 3 ni ya bluu, ya 1 ni ya kahawia. Katika utaratibu wa Marekani ya waridi ni ya miligramu 1. Mgonjwa aliyezoea kidonge cha waridi kimoja, akiletewa dawa na ndugu kutoka ng'ambo au akibadilishiwa kampuni, anaweza kumeza mara tano ya kiasi chake bila kujua. Msitambue dawa hii kwa rangi. Someni miligramu kwenye pakiti, na asiyejua kusoma asomewe na mtoto wa shule.

Kubwa kuliko yote ni dawa nyingine. Tumbo likimsumbua, mgonjwa anakwenda dukani ananunua Flagyl, na warfarini yake inapanda. Septrin inaipandisha. Vidonge vya fangasi vya flukonazo vinaipandisha. Siprofloksasini na erithromisini nazo zinaweza kuipandisha. Aspirini, diklofenaki na ibuprofeni ziko kwenye kundi jingine: hata zisipoigeuza namba, zinakwaruza tumbo na kuzidhoofisha chembe zinazoziba jeraha, kwa hiyo kidonda kidogo cha tumbo kinageuka chemchemi. Kwenye mialo yetu wapo ndugu wengi wanaoishi na virusi vya UKIMWI wanaopewa Septrin ya kinga. Mmoja wao akianza warfarini, au anayetumia warfarini akianza Septrin, apimwe INR ndani ya siku chache, asisubiri tarehe ya mwezi ujao.

Kifua kikuu kina mtego wake. Rifampisini hulilazimisha ini liichome warfarini haraka, hivyo INR inashuka na daktari anaongeza vidonge, pengine mara mbili au zaidi. Miezi sita inakwisha, mgonjwa anapewa hongera, rifampisini inasimamishwa. Katika wiki chache zinazofuata ini linarudi kwenye mwendo wake wa zamani, na vile vidonge vilivyoongezwa sasa ni kiasi cha kumwaga damu. Siku ya furaha ya kumaliza dawa za kifua kikuu iwe ndiyo siku ya kupanga vipimo vya INR vya kila wiki.

Chakula nacho kina sehemu yake. Mchicha, matembele, kisamvu na sukuma wiki vina vitamini K nyingi. Nimesikia wagonjwa wakikatazwa mboga za majani kabisa, na siliungi mkono agizo hilo. Mtu anayekula mboga kidogo kila siku ana INR iliyotulia kuliko aliyezikata zote, kwa sababu siku ya msiba akila sahani mbili namba inaanguka, na wiki akiwa mgonjwa asipokula kitu namba inaruka. Kuleni kama mlivyozoea, bila kupanda na kushuka. Malaria kali, kuhara, kukosa hamu ya kula kwa siku kadhaa, pombe nyingi: kila moja ya hizi inaweza kuipandisha INR kwa mtu ambaye hajakosea kidonge hata kimoja.

Na sisi wa ziwani tuna kichocho cha tumbo. Kikikaa miaka mingi kinakomaza ini na bandama, mishipa ya umio inavimba, na siku moja mtu anatapika damu beseni zima. Mtu mwenye historia hiyo akitakiwa kuanza warfarini, amwambie daktari mapema.

Dalili ni zipi? Fizi kutoa damu wakati wa mswaki. Damu ya pua isiyokata kwa dakika kumi na tano. Michubuko mikubwa mahali ambapo mtu hakumbuki kujigonga. Mkojo mwekundu au wa rangi ya chai ya rangi. Hedhi inayolowesha kupita kawaida. Choo cheusi, cha kunata kama lami, chenye harufu mbaya. Lakini vidonge vya madini ya chuma wanavyopewa wajawazito navyo hukifanya choo kiwe cheusi, kwa hiyo msimtishe mama bila kumwuliza anatumia nini. Kuumwa kichwa kwa ghafla na kwa nguvu, kutapika, kuchanganyikiwa, upande mmoja wa mwili kulegea: hiyo ni damu kichwani mpaka ithibitishwe vinginevyo, na haisubiri asubuhi. Vilevile mtumiaji wa warfarini aliyeanguka na bodaboda akagonga kichwa, hata kama ameinuka na kujikung'uta vumbi, apelekwe hospitali siku ileile.

Nyumbani mfanye machache na myafanye upesi. Jeraha libanwe kwa kitambaa safi, mkono usitoke kwa dakika kumi na tano. Kufunua kila mara kuchungulia kunalirudisha nyuma. Anayetoka damu puani akae, ainame mbele, abane sehemu laini ya pua. Dozi ya siku hiyo isimamishwe hadi daktari aseme. Maumivu yatulizwe kwa panado kwa kiasi cha kawaida. Asichomwe sindano ya msuli ya aina yoyote, kwa sababu damu itajikusanya ndani ya paja au tako na kuvimba. Na pakiti zote za dawa anazotumia, pamoja na zile za dukani na chupa za miti shamba, ziwekwe kwenye mfuko mmoja ziende naye. Mfuko huo ndio unaomwonyesha tabibu sababu.

Akifika kituoni, tabibu anajiuliza maswali mawili: damu inatoka, au namba tu ndiyo imepanda? Kama namba ni kati ya 4.5 na 10 na hakuna damu inayotoka, kwa kawaida mgonjwa hahitaji vitamini K. Anaruka dozi moja au mbili, anapimwa tena, anaanza kwa kiasi kidogo zaidi, na sababu inatafutwa. Ikipita 10 bila damu kutoka, anapewa vitamini K ya kunywa, miligramu 2.5 hadi 5, na kupimwa kesho yake. Kwa mwenye mlango wa chuma uangalifu unazidi. Vitamini K ikimiminwa bila hesabu, INR inaporomoka, warfarini inakataa kufanya kazi kwa wiki nzima au zaidi, na donge linapata nafasi kwenye mlango. Nimeona hamu ya kutibu namba kwa nguvu, na naielewa, maana namba kubwa inatisha. Lakini asiyevuja damu apewe dozi ndogo na asubiriwe.

Anayevuja kwa wingi, anayetapika damu, mwenye damu kichwani, huyo hasubiriwi. Anapewa vitamini K miligramu 5 hadi 10 kwenye mshipa, ndani ya dripu ndogo, polepole kwa dakika 20 au 30, kwa kuwa ikisukumwa haraka inaweza kuleta mzio mkali wa kuua. Nayo haifanyi kazi papo hapo. Ini linahitaji saa 6 hivi kuanza kuonyesha matokeo, na hadi siku nzima kukamilisha. Pengo hilo la saa huzibwa na protini zilizo tayari. Kwenye nchi tajiri hutolewa chupa ya protini hizo zikiwa zimekolezwa. Kwetu ni adimu na bei yake ni kubwa. Tunachotegemea ni plazima, yale maji ya damu yaliyotenganishwa na kugandishwa kwa baridi, mililita 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito. Mtu wa kilo 60 anahitaji mililita 600 hadi 900, yaani mifuko mitatu au minne. Pasipo na plazima, damu nzima iliyotolewa karibuni husaidia. Plazima peke yake haitoshi, maana inaisha baada ya saa kadhaa na warfarini bado ipo. Lazima iende pamoja na vitamini K.

Mtaniuliza mifuko hiyo inatoka wapi. Inatoka mikononi mwenu, ndugu zangu. Ndugu wanapokusanywa usiku wa manane kuchangia, damu hiyo bado ina kazi ya kupimwa magonjwa. Vijana wa mwaloni wanaochangia mara kwa mara wakiwa hawana mgonjwa ndio wanaomwokoa mgonjwa wa warfarini.

Nirudi kwenye vitamini K. Mtoto mchanga huchomwa miligramu 1 anapozaliwa ili asivuje damu, kwa hiyo vichupa vyake vinafahamika na wakunga wetu. Dawa iliyomo inaweza pia kunywewa. Nasema hili kwa matabibu waliomo humu: mgonjwa ambaye INR yake imepita 10 hana sababu ya kusafiri zaidi ya kilomita 200 kupitia Bunda, Lamadi na Magu hadi Mwanza kwa ajili ya dawa ambayo iko chumba cha pili. Mpigieni simu daktari wake, mkubaliane kiasi, apewe hapa, kisha rufaa iende kama inahitajika. Anayevuja kwa wingi ndiye wa kukimbizwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mwalimu Nyerere, pale Kwangwa, na ikibidi Bugando, lakini dozi ya kwanza ya vitamini K apewe kabla gari halijaondoka.

Pale ambapo INR haipimiki usiku, ipo njia wanayoijua wanaotibu walioumwa na nyoka: damu mililita chache kwenye kichupa cha kioo kipya, safi, kikavu, kikiachwa dakika 20 bila kuguswa. Kikiinamishwa na damu ikawa bado ya maji, hali ni mbaya na muanze matibabu. Ikiganda, msijipe moyo sana, kwa kuwa INR inaweza kuwa imezidi na damu ikaganda hivyohivyo.

Kuna dawa mpya: rivaroksabani, apiksabani, dabigatrani. Hazihitaji INR, na wenye uwezo wameanza kuzinunua. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliziingiza dawa za kundi hili kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Vitamini K haizirudishi nyuma. Zikizidi, nafuu yetu ni kwamba zinaisha upesi, nusu kwa saa 12 hivi kama figo ni nzima, kwa hiyo dozi inasimamishwa, mkaa wa dawa unatolewa mapema, damu inaongezwa, na mgonjwa anashikiliwa mpaka ziishe. Dawa za kuzipinga zipo, ya dabigatrani tangu mwaka 2015, ila bei yake hatuimudu. Wala msidhani kwamba kila mtu ahamie huko. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba dabigatrani kwa wenye milango ya chuma ilileta madonge mengi na damu nyingi kuliko warfarini, utafiti ukasimamishwa. Mwaka 2022 yakatoka matokeo ya utafiti wa wagonjwa zaidi ya 4,500 katika nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, wote wenye moyo ulioharibiwa na baridi yabisi na mapigo yaliyovurugika. Waliotumia dawa za kundi la warfarini walikufa wachache kuliko waliotumia rivaroksabani. Kwa hiyo binti yetu wa mlango wa chuma atabaki na warfarini, na sisi tutabaki na wajibu wa kuijua.

Heparini ya sindano, inayotumika wodini, ina dawa yake, protamini, iliyotolewa kwanza kwenye mbegu za samaki dume wa jamii ya salmoni. Miligramu 1 hufuta yuniti 100 za heparini. Hiyo ni kazi ya hospitali, sitaiendea mbali.

Sumu ya panya sitaiacha. Zipo zenye kemikali za jamii ya warfarini zilizoimarishwa ambazo hukaa mwilini wiki kwa wiki, hata miezi, na aliyezimeza anaweza kuhitaji vitamini K ya kila siku kwa muda wote huo. Na nyingi zinazotembezwa mitaani hazina lebo. Ndani yake mna sumu za namna nyingine kabisa zinazoua kwa saa chache kwa kubana pumzi au kuchoma tumbo. Ndiyo maana pakiti ni lazima ije na mgonjwa. Wakati mwingine aliyemeza ni mtoto mdogo aliyeokota. Wakati mwingine ni mtu mzima aliyelemewa na maisha. Sheria yetu ya kanuni za adhabu bado inaliita jaribio la kujiua kosa, na familia zinaogopa polisi na fomu ya PF3, zinamficha ndani mpaka siku ya tatu, siku ileile niliyowaambia kwamba damu huanza. Nawasihi kwa moyo wangu wote: mleteni saa ileile, mseme ukweli wote, na sisi wa hospitali tumtibu kwanza. Na akipona, asiachwe peke yake na kilichomlemea.

Mambo ya kuomba kwa viongozi wetu wa kata na manispaa ni machache. Kwanza mashine ndogo ya INR ya kutoboa kidole, ikae kituo kimoja kinachojulikana, na vitepe vyake visikatike. Mgonjwa asiyepimwa miezi mitatu kwa kukosa nauli anakuja kupimwa na damu yenyewe. Pili vitamini K ya watu wazima iandikwe kwenye maombi ya dawa ya kila robo mwaka, isitegemee akiba ya watoto wachanga. Tatu usafiri. Kwa wajawazito na watoto wachanga nchi yetu imeweza: mfumo wa m-mama, simu ya bure 115, dereva aliyesajiliwa anakuja. Madereva ni hawahawa na barabara ni hizihizi. Sioni kwa nini mtu anayetapika damu asipate gari kwa utaratibu wa namna hiyohiyo.

Nimalizie na siku ya kuruhusiwa hospitalini, kwa sababu wengine hufa baada ya kupona. Damu imekata, mgonjwa amerudi nyumbani, na nyumba nzima inaiogopa warfarini. Inafichwa juu ya kabati. Wiki mbili, tatu, hakuna anayeigusa. Kwa aliyepata donge la mguu kwa mara ya kwanza, huenda daktari angeamua asiendelee nayo kabisa. Kwa mwenye mlango wa chuma, kila siku bila dawa ni siku donge linajengeka. Hivyo kabla hamjatoka wodini, daini karatasi yenye tarehe ya kuanza tena warfarini, miligramu za kuanza nazo, tarehe ya INR inayofuata, na jina la kilichoipandisha mara ya kwanza. Karatasi isiyo na hayo irudishwe kwa daktari palepale ijazwe, gari la kuwarudisha Makoko lisubiri.